Mdukuzi wa Magogoni

Siku aliyodukuliwa, Mzee Mwinyihaji alikuwa amekaa barazani kwake Magogoni, kwenye kiti chake mwenyewe, simu yake mwenyewe mkononi, na kidole kilichobonyeza kilikuwa chake mwenyewe. Tuyaseme haya mapema ili msomaji asijisumbue kumtafuta mwizi. Mwizi hakuwepo. Aliyekuwepo ni karani mstaafu wa bandarini mwenye Kiswahili kizuri kupita kiasi, na kila kilichopita kiasi kina hasara yake.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye halwa. Watu wa bwana harusi walivuka kutoka Likoni kuja kupanga siku ya kumuoa binti yake, Wardah, wakaja na sinia la halwa iliyonuka samli iliyovunda. Mzee Mwinyihaji alikula kipande, akatabasamu, akasema mashallah. Lakini ile ladha haikumtoka. Ilimkaa kooni mpaka ikageuka maneno, na maneno yakajipanga yenyewe yakawa sentensi moja: *Sisi twaoza mwana, wao waoza wenyewe.* Aliisema mara ya kwanza asubuhi, peke yake na mkewe, akachekea kikombe cha chai. Kuoza binti na kuoza samaki, neno moja, mizigo miwili! Mtu wa bara angeweza kuishi Mombasa mpaka meno yakamtoka asiweze kutunga kitu kama hicho.

Neno zuri likikosa wa kulisikia huwasha. Mzee akakusudia kumtumia sahibu yake Maalim Shee wa Mikindani, ambaye wamekuwa wakirushiana mashairi tangu ndevu zao zikiwa nyeusi. Badala yake akalituma kwenye kundi la WhatsApp liitwalo “Harusi ya Wardah na Fuad”, walimokuwemo jamaa wa pande zote mbili, kuanzia mashangazi wa Junda hadi Bi Sabah, mama yake Fuad, mwenye halwa yake.

Kosa aliliona papo hapo. Akaubonyeza ujumbe, simu ikamuuliza, kwa Kiingereza kama ilivyo desturi yake, iufute kwa watu wote au kwake yeye tu. Miwani ilikuwa ndani. Akabonyeza palipokuwa karibu na kidole. Ujumbe ukatoweka. Mzee akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, akalituma tena neno lake kwa Maalim Shee, safari hii mahali pake, kisha kwa tahadhari akalifuta nalo hapo kwake, akaiacha simu barazani akaenda kutia udhu. Ujumbe wa kundini ulikuwa umefutika kwa mtu mmoja tu, naye ni yeye.

*

Aliporudi kutoka msikitini alimkuta Wardah analia kwa sauti ya kujizuia, mkewe Barke amesimama mlangoni, na mwanawe Riyadh anatembea huku na huku na simu kama mtu anayetafuta mtandao.

“Baba, umeandika nini kwa grupu?” aliuliza Riyadh.

“Grupu ndiyo nini? Sema kundi.”

“Kundi, Baba. Umewaandikia nini watu wa Likoni?”

Akaonyeshwa. Sentensi yake ilikuwa pale, nadhifu, haijapungua herufi, na chini yake watu wamejaza nyuso za kushangaa. Mzee aliitazama kwa hofu, na kwa fahari kidogo pia, maana hata kwenye kioo kilichopasuka ilisomeka vizuri. Kisha akamtazama binti yake, na hofu ikashinda. Akakumbuka neno alilolisikia redioni akalipenda.

“Nimedukuliwa,” akasema.

“Ume nini?”

“Nimedukuliwa! Yuko mtu ameingia katika simu yangu. Hebu nipe.” Akachukua simu yake, akaandika: *Nawaarifu jamaa wote kwamba nimedukuliwa. Maneno hayo si yangu.*

Majibu hayakuchelewa. Shangazi mmoja wa Junda aliandika: *Innalillahi! Umedukuliwa sehemu gani? Mshamfikisha hospitali?* Mwingine akataka kujua kama damu imetoka. Ikabidi Riyadh aingie kufasiri: *Amehakiwa.* Hapo kundi zima likapumua. *Aaa, amehakiwa! Si mungesema.*

“Hakuna neno kuhakiwa,” alisema Mzee, akiumia kwa dhati.

Bi Sabah hakuandika. Alipiga. Simu ikawekwa sauti kubwa, nyumba nzima ikasikia.

“Asalaam aleikum, Mzee Mwinyihaji.”

“Waaleikumu salaam, Bi Sabah. Wallahi nina aibu…”

“Usiape, bwana wangu, mapema. Miye sikwambii u muongo. Mtu mzima haambiwi muongo. Lakini yale maneno yana mwenyewe, na mwenyewe ana jina na ana kwao. Tuleteeni. Akipatikana huyo mdukuzi, harusi ipo, inshallah. Asipopatikana, tutajua tulidukuliwa na nani.”

Simu ikakatika. Wardah akaingia chumbani akafunga mlango.

*

Riyadh alisomea kompyuta kidogo, akaacha, na tangu siku hiyo akawa ndiye mtaalamu wa nyumba. Alikuwa anauza makava ya simu hapo stejini, na wateja wakipungua hutazama video za wadukuzi wa Urusi. Kwa hiyo msiba wa nyumba yao ulimjia kama barua ya kuajiriwa.

Kwanza aliikagua simu ya babake, akapiga ukelele. “Oneni! Ule ujumbe uko kwa kila mtu, kwa Baba haupo! Kauandika, kautuma, kisha kauficha. Huyu si mdukuzi wa mchezo.” Simu ikapita mkono kwa mkono, majirani wakaja, kila mmoja akaipekua kuthibitisha kwamba hakuna kitu. Muuza mahamri aliipangusa mafuta kwa kanga kabla ya kuirudisha.

Pili, aliingia kwenye mtambo wa waifai wa nyumba, ambao ulimwengu wake wote ni mzee, mkewe, watoto wawili na mpangaji wa chumba cha uani. Mtambo ulikuwa na kumbukumbu. Saa ile ya ujumbe, simu zilizokuwa hewani zilikuwa mbili: ya Mzee Mwinyihaji na ya mpangaji, Kioko.

“Ya Baba hatuihesabu,” alisema Riyadh, “kwa sababu Baba ndiye aliyedukuliwa. Imebaki moja.”

Kioko alikuwa kibarua wa yadi ya kontena kule Changamwe, mtu wa Machakos, mpole, mwenye mke aitwaye Mueni. Zaidi ya hayo, Kioko ndiye aliyemfundisha Mzee kutumia hiyo simu. Alimwekea majina, alimwekea picha, hata siri ya kuifungulia alimchagulia yeye. Mambo yote haya jana yalikuwa wema. Leo Riyadh aliyapanga kwa vidole, na kila kidole kikawa ushahidi.

“Kioko?” alisema Mzee.

Hapa mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi, na kutoka kungemgharimu dakika moja ya aibu. Mzee alimtazama mwanawe aliyekuwa anang’aa uso kwa mara ya kwanza tangu aache chuo. Akausikiliza mlango wa Wardah uliofungwa. Akakohoa.

“Allahu aalam,” akasema. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Na kweli Mungu alijua, lakini Mzee Mwinyihaji naye alijua.

Riyadh akaenda kuita polisi. Walisema gari halina mafuta, akalitia yeye mafuta. Walimkuta Kioko uani anaosha buti za kazi. Walipochukua simu yake hakubisha, alimgeukia mwenye nyumba tu, mikono ikichuruzika povu.

“Mzee, ambia hawa watu. Si ni mimi nilikuwekea hiyo WhatsApp?”

Maneno hayo yakaandikwa kama ungamo.

*

Asubuhi Mueni alipita kwa Barke, chupa ya chai mkononi, njiani kuelekea kituoni. Alikuwa amekuja kuomba kitu kimoja tu, wamwambie kosa lenyewe ni nini, maana kule kituoni kila askari alimwambia lake.

“Shikamoo, Mama Riyadh.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Niko tu. Mama, ati Kioko ameandika matusi. Matusi gani?”

Barke akamsomea, kwa shida. Mueni akasikiliza, akaomba lisomwe tena, akakunja uso.

“Hiyo ni tusi?”

“Ni tusi, mwanangu. Tena kubwa.”

“Mama, mimi hata sijaelewa. Na kama mimi sijaelewa, Kioko ndio ataandika? Kioko akinitumia message ni ‘uko aje, unga iko?’ Basi. Tangu anioe hajawahi niandikia kitu mrefu kuliko hiyo.” Akaihamisha chupa ya chai mkono wa pili. “Msimamizi wa yadi amesema leo atamngoja, kesho anaweka mtu mwingine. Mama, Mzee akisema neno moja tu wanamwachilia. Si ndiyo?”

Barke alishika kanga yake asijue aikunje au aikunjue. Akasema ataongea na Mzee. Mueni akamshukuru sana, na zile shukrani zilimchoma Barke kuliko kama angetukanwa.

Mzee alikuwa anasoma gazeti la juzi. Barke akamsimamia mbele.

“Baba Riyadh, lile neno uliniambia miye kwanza. Hapo hapo, kikombe mkononi. Ukanitaka nicheke.”

Mzee hakuliteremsha gazeti. “Nisitiri, Barke.”

“Nshakusitiri. Na yule mwana wa watu asitiriwa na nani?”

“Atatoka. Hawana ushahidi. Harusi ipite tu, ntamfidia, hata kodi ya mwezi mmoja ntamsamehe. Wataka Wardah avunjikiwe kwa sababu ya sentensi?”

Kwao sitara ni nusu ya dini, na aibu ya mume ni nguo ya mke, huivaa wote wawili. Aliondoka akaenda kuchambua mchele ambao haukuwa na mawe. Tusimsifu. Alijua, na alichambua mchele.

*

Faili ilipokwenda juu ilimwangukia Inspekta Kadzo, mpelelezi wa makosa ya mitandaoni, mwanamke wa Rabai, mnene, mwenye sauti ya mtu asiyekuwa na haraka. Aliwaita Mzee na Riyadh afisini.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu,” alisema Mzee, akampenda papo hapo. Kiswahili chake kilikuwa kimekaa.

Riyadh aliweka mezani picha za skrini, zimechapishwa kwa rangi na kufungwa plastiki kama menyu ya hoteli. Kadzo alizisogeza kando kwa heshima.

“Hizi ni nzuri, kaka. Lakini picha hata mimi naweza kutengeneza ikasema wewe ndiwe gavana. Nataka simu yenyewe. Imeshikwa na nani tangu siku ile?”

Riyadh akaanza kutaja. Alipofika kwa muuza mahamri, Kadzo aliweka kalamu chini akamsikiliza tu. Kisha akavaa glavu, akaikata simu mtandao ili asiwepo wa kuichezea kwa mbali, akaandika tarehe na saa na jina la kila aliyekuwa chumbani, akaanza kuipekua taratibu. Mzee aliangalia vile vidole vyeupe vikitembea ndani ya simu yake, akahisi kama anayevuliwa kanzu.

“Baba,” alisema Kadzo mwishowe, “mtu akitaka kuichukua WhatsApp yako aitumie kwake, lazima aombe nambari ya siri, na nambari hiyo hukujia wewe. Haikuombwa. Akitaka kuiunganisha na kompyuta, hubaki alama. Hakuna alama. Ujumbe ule haukutoka Urusi wala Changamwe. Umetoka kwa simu hii hii.”

“Basi aliishika!” Riyadh aliruka. “Baba akienda kutia udhu simu hubaki barazani, na siri ya kuifungua Kioko anaijua!”

“Yawezekana,” alisema Kadzo. “Simu hutuambia ni simu gani. Haituambii ni kidole cha nani. Ila kuna jambo moja linanitatiza. Aliyetuma alifuta, akafuta kwa mwenye simu peke yake. Mdukuzi gani atukane ukoo mzima, kisha amwonee haya mtu mmoja?”

“Mjanja,” alisema Riyadh, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Kioko akaletwa, hana mshipi, hana viatu, suruali ameishika kwa mkono. Alimwamkia Mzee. Mzee aliitika akitazama dirisha. Kadzo alimpa Kioko karatasi na kalamu, akamwambia aandike atakachomsomea, akasoma polepole: sisi, twaoza, mwana. Kioko aliandika ulimi ukimtoka kidogo pembeni, suruali ameibana kwa kiwiko. Kadzo akaichukua ile karatasi akaisoma kwa sauti.

“‘Sisi tunaosha mtoto, wao wanajiosha wenyewe.’”

“Ndio, madam,” alisema Kioko. Kisha, kwa adabu: “Madam, hii ya kuosha mtoto ni kosa gani?”

Askari wa mlangoni alijifanya anapiga chafya. Kadzo hakucheka. Alichukua karatasi yake ya maelezo, akaandika kwa muda, akaigeuza kuelekea kwa Mzee.

“Haya, baba. Naandika malalamiko yako, utie sahihi tumpeleke huyu kortini. Nimeandika hivi: mshukiwa alituma maneno ‘Sisi tunaozesha mtoto, wao wanaoza wenyewe’. Tia sahihi hapa.”

Mzee alishika kalamu. Akaisoma ile sentensi. Akaiweka kalamu. Akaishika tena. Shingo yake ilikuwa imeanza kupanda rangi.

“Sivyo ilivyoandikwa,” akasema.

“Maana ni moja, baba.”

“Maana!” Kiti kilinguruma. “Mwanangu, maana hata punda anayo! Tunaozesha? Ukisema tunaozesha, lile la pili litakaa wapi? Ni *twaoza*. Sisi *twaoza* mwana, wao *waoza* wenyewe. Neno ni moja, limegeuka upande tu, kama kanga. Na nini ‘mtoto’? Mtoto hata wa jirani ni mtoto, mwana ni wangu, ndiyo uchungu wenyewe ulipo! Neno hili nimelipima toka alfajiri mpaka alasiri, silabi kwa silabi, kisha wewe waja kulivunja mgongo kwa…”

Akaiweka kalamu mezani.

Feni ilikuwa inazunguka na kugonga kitu huko juu. Kadzo, ambaye bibi yake alikuwa akighani harusini Rabai, na ambaye hangeweza kuikosea “kuoza” hata akiwa na homa, aliendelea kuandika mpaka akafika mwisho wa mstari.

“Umelipima wapi, baba?” akauliza kwa upole.

Mzee Mwinyihaji alitazama mikono yake. Riyadh alizivuta zile picha za plastiki, moja moja, akaziweka chini ya meza. Aliyeuliza ni Kioko.

“Madam, kwa hivyo mimi naenda nyumbani?”

*

Inspekta Kadzo hakupiga makelele. Alisema kupeleka uongo polisi nako ni kosa, na kwamba sasa mlalamishi ni Kioko, akitaka faili ifunguliwe upande wa pili, kalamu anayo. Kioko alifikiri, akisubiri mshipi wake.

“Mimi sitaki Mzee afungwe,” alisema. “Nataka jina langu tu. Aandike pale pale aliandika.”

Haikuonekana kazi kubwa. Jioni hiyo Mzee aliketi na miwani machoni, akaandika bila pambo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: *Jamaa zangu, sikudukuliwa. Maneno yale niliyatunga mimi na kuyatuma mimi. Kioko hana hatia. Namuomba radhi yeye na watu wa Likoni.* Akafumba macho, akabonyeza.

Shangazi wa Junda alikuwa wa kwanza. *Subhanallah, wameingia tena!* Mwingine: *Huyu si yeye. Mwinyihaji namjua tangu tukisoma chuoni, hajawahi kuomba radhi.* Wa tatu: *Kiswahili chenyewe kimepwaya, someni vizuri.* Mzee akarekodi kwa sauti yake mwenyewe, akaapa. Likaja jibu kutoka kwa mjomba mmoja msomi: *Siku hizi wana mitambo ya kuiga sauti. Msifungue!* Na chini yake, kutoka upande wa Likoni: *Kwani yule Mkamba si ametolewa leo? Ndo huyo ameanza tena.*

Mwisho aliandika Bi Sabah: *Mzee, usijibu lolote. Tushajua si wewe. Harusi ipo.*

Mzee aliisoma mara mbili. Harusi ipo. Binti yake amesitirika, jina lake limesimama, na ukweli ameusema, mbele ya watu, kwa maandishi na kwa sauti. Iliyobaki si juu yake. Alimwambia Barke hivyo hivyo: “Nimesema. Hawataki.” Na usingizi ungemchukua, tunamjua, lau si hodi ya Mueni.

Mueni hakuamkia. Alinyoosha simu. Ilikuwa picha ya Kioko, aliyopigwa na jirani siku anakamatwa, povu mikononi, na juu yake maandishi mekundu: TAHADHARI, MDUKUZI WA MAGOGONI. Ilikuwa imefika mpaka kwa msimamizi wa yadi.

“Amemwambia asirudi,” alisema Mueni. “Mzee, ulipokuwa unadanganya wote waliamini. Sasa mimi nitafanya nini na ukweli yako?”

Barke alitoka ndani, akasimama kando ya Mueni, si kando ya mumewe. “Mwanangu, na miye nilijua,” alisema. “Ulipokuja na chai ile, nilijua.” Mueni alimtazama, akamgeukia Mzee tena.

Wardah naye alikuwa amefungua mlango wake. Alikwenda akayachukua makubadhi ya babake, akayaweka mbele ya miguu yake.

“Vaa, Baba. Kinywa hakidukuliwi. Nenda nacho.”

“Na wakivunja?”

“Wakivunja ntaozea nyumbani. Si ndivyo ulivyotaka neno lako ligeuke?”

Mzee akavaa, akapita uani kumchukua Kioko.

*

Bi Sabah alikuwa kwenye baraza yake Likoni akikuna nazi alipowaona wanaume wawili wanaingia, mmoja wa kanzu, mwingine wa buti za kazi zilizooshwa zikang’aa bila pa kwenda.

“Karibuni. Ni huyu ndiye mdukuzi?”

“Huyu ni Kioko, mpangaji wangu,” alisema Mzee. “Mdukuzi ni mimi.”

Bi Sabah aliendelea kukuna. “Nataka nilisikie kwa kinywa chako.”

Na Mzee Mwinyihaji, aliyewahi kughani mbele ya makadhi, alisimama juani akalisema lile neno lake zuri, macho chini, mbele ya mwanamke lililomlenga. Halikuwa na utamu wowote. Lilimtoka kinywani kama mfupa wa papa. Bi Sabah alikuna mpaka kifuu kikalia.

“Halwa ilikuwa mbovu,” akasema mwishowe. “Niliwambia wasiibebe. Lakini kibovu mtu huambiwa mlangoni, bwana, haandikiwi. Fuad na mwanao wapendana, sitawavunja kwa samli. Lakini huyu,” akamwelekezea Kioko kile kifuu, “huyu mumemfanyia nini?”

Bi Sabah akajifuta mikono, akatoa simu yake, akawasimamisha wale wawili pamoja, akajirekodi nao, uso wake mkubwa mbele: “Jamani, mimi ni Sabah. Huyu ni Mwinyihaji mwenyewe, kaja kwa miguu yake, nimemgusa. Maneno yalikuwa yake. Huyu kijana hana kosa. Msambaze hii kama mlivyosambaza ile.” Akatuma kwenye kundi.

Wakangoja, vichwa vitatu juu ya kioo kimoja. Jibu likaingia.

*Ya Rabbi, mpaka Bi Sabah! Sura pia waiga! Jamani, tokeni kwa hii grupu, wameshatuingilia wote.*

Shangazi wa Junda akatoka. Mjomba msomi akatoka. Mmoja baada ya mwingine, jamaa za harusi wakaanza kutoka, na kila aliyetoka alitoka na ile picha ya povu.

Mzee alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akamtazama Kioko kama kwamba naye atacheka. Kioko hakucheka. Aliyasoma majina ya waliotoka na ya waliobaki, polepole, mdomo ukimcheza kama siku ile ya kuandika. Kisha akamrudishia Bi Sabah simu yake kwa mikono miwili, akakaza kamba za buti.

“Mzee,” akasema, “nyumba inafuata ni ya nani?”